Vitambaa vya Mkanda wa Bwawa

"Basi fumua wewe," Kageha alisema, akamsukumia Jeconia wembe juu ya meza ya cherehani. "Mikono unayo."

Jeconia Ojwang aliutazama wembe bila kuugusa. Alikuwa mwenyekiti wa mieleka ya Kibera na Kawangware, mtu mwenye tumbo na sauti, na tangu wachuuzi wa Soko la Toi waanze kufungua mafurushi yao alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Kageha akiomba jambo moja kwa njia nyingi. Alikuwa ameomba kwa utani, akaomba kwa jina la Mungu, akaomba kwa hasira. Sasa alibakiwa na upole tu, na upole ulimkaa vibaya, kama koti la mtu mwembamba.

"Mama, ni kitambaa kimoja," alisema. "Kidogo namna hii. Nani atajua kilitoka?"

"Derrick atajua. Ndiye anayetaka kitoke."

Kati yao, juu ya meza, ulilala Mkanda wa Bwawa. Kwa mbele ulikuwa kitu cha kawaida tu: ngozi nene iliyokatwa kwenye begi kuukuu la safari, na katikati bamba la alumini lililokuwa mfuniko wa sufuria kabla Phanuel, fundi wa vyuma, hajaligonga likatokea jua na mawimbi. Lakini waliouelewa hawakuutazama kwa mbele. Waliugeuza. Kwa nyuma, pale unapogusa tumbo la anayeuvaa, palikuwa na vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono, kila kimoja na rangi yake, kimoja kikikalia ukingo wa kingine kama mabati ya paa. Bingwa akishindwa, Kageha hukata kipande cha vazi aliloshindwa nalo na kukishona hapo kabla jasho halijakauka. Hivyo kila bingwa mpya huwavaa waliomtangulia, na joto lao humfikia.

Kitambaa kilichogombewa kilikuwa cha bluu, bitana ya koti lisilojulikana lilikotoka, nacho kilikuwa kimefifia kama anga kabla jua halijatoka. Kilikuwa cha Maurice, ndugu yake mdogo Kageha.

Maurice mwenyewe alikuwa pale pale, ameketi juu ya furushi la mitumba, anamenya chungwa. Aliposikia kitambaa chake kikigombewa hakuinua macho.

"Toa tu, sister," alisema. "Si ilikuwa makosa hata hivyo."

Kageha hakumjibu, kwa kuwa angemjibu kwa kumtupia mkasi. Alimjua ndugu yake. Kila mkanda ulipoletwa kibandani kupakwa mafuta, Maurice alipata sababu ya kupanda kutoka Silanga, kule chini Kibera: zipu imeharibika, anataka uzi, anataka maji ya kunywa. Na kila mara, akidhani haonekani, aliugeuza mkanda, akaweka vidole viwili juu ya ile bluu, akatulia hivyo kidogo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akarudi kuuza makaa yake. Wengine wana shamba nyumbani, wengine wana cheti ukutani. Maurice alikuwa na kile kitambaa, na hata hicho alikuwa tayari kukitoa ili watu wasigombane.

Jeconia alieleza tena, kana kwamba hakuna aliyeelewa. Alasiri ile, huko Kawangware, Derrick, bingwa wa sasa, angeshindwa na Audrey, binti wa mtaa wa Sarang'ombe kule Kibera, anayepika chapati karibu na reli. Ilikuwa imekwisha kupangwa. Na tuseme wazi, kwa kuwa kuzunguka hakuna faida: mieleka hii hupangwa. Mshindi hujulikana siku nyingi kabla, kila mtu Silanga analifahamu hilo, na bado watu hulia machozi ya kweli, kama wanavyolia harusini ingawa bibi arusi alijulikana tangu mwanzo. Kitu kimoja tu hakiwezi kupangwa kwa nguvu. Lazima anayeshindwa akubali kulala chali mpaka mkono wa refa ugonge turubai mara ya tatu. Akiinua bega, mkanda unabaki wake.

Na Derrick alikuwa ametuma neno. Kitambaa cha Maurice kitoke kwanza. Kisipotoka, atainua bega, na Mkanda wa Bwawa hautarudi Kibera tena.

"Nitampelekea mwenyewe," Kageha alisema.

"Kikiwa kimetoka?"

"Nimesema nitampelekea. Tangulia, usinizibie mwanga."

Jeconia alitafuta pikipiki akatangulia. Kageha aliuviringisha mkanda ndani ya leso, akauweka kwenye kiondo pamoja na mkasi, sindano nene ya ngozi na uzi uliopakwa nta, akamwambia jirani yake wa viatu amwangalizie cherehani. Kisha akamtazama Maurice.

"Vaa shati zuri."

"Mimi niende kufanya nini?"

"Kubeba kiondo."

Walitembea kwa miguu. Mkanda haukuwahi kupanda gari. Aliyeubeba aliutembeza, hata mvua ikinyesha. Walifuata Barabara ya Ngong kwenda Dagoretti Corner, wakipita chini ya mijakaranda iliyokuwa imemwaga maua, na lami yote ilikuwa ya zambarau, na magari yalipopita yaliyainua maua yakazunguka kidogo hewani kabla ya kulala tena. Jua lilikuwa la uvivu. Maurice alitembea nyuma hatua kidogo, kama kawaida yake, na kiondo begani. Kageha alikuwa mwanamke wa kazi, hakuwa na subira na mawazo ya juu juu, lakini ile njia ndefu na ule mwanga ulimlegeza, na mmoja mmoja waliouvaa mkanda wakaanza kutembea pamoja naye.

Wa kwanza alikuwa Phanuel, aliyejiita Nyundo. Yeye ndiye aliyetengeneza bamba, na siku ya pambano la kwanza, pale uwanjani Silanga kando ya bwawa, mpinzani wake hakutokea. Ulingo ulikuwa tayari, matairi yamepangwa, mbao juu yake, magodoro juu ya mbao, turubai juu ya yote, na watu wamefika. Basi Phanuel akapigana na gunia la makaa. Waliokuwapo huapa mpaka leo kwamba lile gunia lilimpa taabu, lilimwangusha, na kwamba mara moja lilikaribia kabisa kuwa bingwa. Usiku ule Phanuel aliulalia mkanda, na asubuhi akaja kwa Kageha na macho mekundu akimwambia ameota. Ameota bwawa limejaa maji safi mpaka ukingoni, hakuna magugu, hakuna takataka, naye anatembea chini kabisa na nyundo yake, anayagonga maji yanakuwa mabati, mabati angavu, anayapanga, na samaki wanapita juu ya paa.

Kageha alimwambia aache kula usiku sana. Lakini ikawa desturi. Anayeupata mkanda huulalia, akaota bwawa, akaja kumweleza mwanamke wa sindano.

Wa pili alikuwa Derrick wa Kawangware, aliyejiita Simiti kwa kuwa mchana huchanganya simiti kwenye mijengo. Kageha ndiye aliyemshonea joho lake jekundu, kutoka pazia la ukumbi uliovunjwa. Alimpiga Phanuel, akauchukua mkanda, akavuka nao mpaka kwao, na watu wa Kawangware wakampokea kwa vigelegele na sufuria. Kitambaa cha Phanuel, kijivu cha ovaroli, kikashonwa cha kwanza. Derrick hakuja kueleza ndoto. Kageha alidhani ni kiburi.

Halafu ikaja siku ya ndege.

Maurice alikuwa mtu wa kuanguka. Kila kundi la mieleka lina mtu kama huyo, naye ni wa maana kuliko bingwa, ingawa hakuna anayemshangilia. Kazi yake ni kutupwa, na Maurice alitupika vizuri kuliko mtu yeyote kati ya bwawa na reli. Alikuwa mwepesi, akirushwa alikaa hewani kitambo zaidi ya ilivyopaswa, akashuka bila haraka, ndiyo maana wakamwita Unyoya. Siku ile ilikuwa zamu yake kutupwa na Derrick mbele ya umati wa Silanga. Walikuwa wamepanga kwamba katikati Maurice atampata Derrick kwa bahati, atamlaza chali, refa atahesabu moja, mbili, watu watashika vichwa, na Derrick atainua bega na kummaliza. Mambo ya kawaida.

Nyamai alikuwa refa. Nyamai ana sheria moja na hajawahi kuivunja: mkono wake ukianza kuhesabu hausubiri mtu. Aligonga moja. Aligonga mbili. Na wakati ule, kutoka kwenye magugu ya bwawa, yangeyange wote wakainuka pamoja, wale ndege weupe wa miguu mirefu, wakapita juu ya ulingo wakiwa wengi kiasi kwamba kivuli chao kililala juu ya nyuso za watu. Watu wakatazama juu. Derrick alikuwa tayari anatazama juu. Nyamai hakutazama. Akagonga ya tatu.

Maurice alibaki amelala juu ya Derrick, akingojea ainuliwe. Kisha kelele zikapasuka, Derrick akasimama akisema hesabu irudiwe, Jeconia akaingia ulingoni, wanaume wakaanza kubishana kwa vidole, na hapo Kageha, aliyekuwa amekaa pembeni na kazi yake, hakuona cha kubishania. Mkono ulikuwa umegonga. Alikata kipande cha joho jekundu lililokuwa limening'inia kwenye kamba, akatia uzi, akashona. Walipomaliza kugombana kitambaa kilikuwa kimekwisha kukaa. Jeconia aliuchukua mkanda, akaugeuza, akavuta ile nyekundu kwa kucha, haikutoka. Akauinua juu mbele ya watu wote na kutangaza kwa ile sauti yake kwamba kitambaa kikishaingia kimeingia, na bingwa ni Maurice.

Hayo maneno yalikuwa yake mwenyewe Jeconia, na tangu siku ile yalikuwa sheria.

Maurice alikaa na mkanda juma moja. Jumapili iliyofuata alishindwa na Lavender, anayeuza mboga chini kule karibu na bwawa, kama ilivyopangwa, naye hakulalamika. Alivua mkanda, akasubiri akatwe kitambaa, akaenda zake, wala hakuingia ulingoni tena. Lavender aliota sukumawiki imeota juu ya maji kutoka ukingo huu mpaka ule, na yeye anatembea juu ya majani anavuna. Kisha Derrick akampiga Lavender, akauchukua mkanda, na tangu hapo hajaachia. Kitambaa cha manjano cha Lavender kilikuwa cha mwisho kushonwa.

"Unawaza nini?" Maurice aliuliza kwa nyuma.

"Nawaza wewe uliota nini. Sikumbuki vizuri."

Walikuwa wamefika pale barabara inapokunja kuelekea Kawangware, na vumbi lilianza. Maurice alihamishia kiondo bega la pili. Alisema aliota anaanguka. Kutoka juu sana, juu ya bwawa lililojaa mwanga, anaanguka anaanguka na hafiki, na haogopi. "Nilikwambia," alisema. "Ukaniambia ninywe maziwa."

Uwanja wa Kawangware ulikuwa nyuma ya kanisa moja la mabati, na wapiganaji walipewa darasa la chekechea la kanisa hilo wabadilishie nguo. Kuta zilikuwa na picha za tembo na embe na viatu. Derrick alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, joho limemwagika sakafuni pande zote, magoti yake yamefika kifuani. Jeconia alikuwa amesimama dirishani. Nje watu walikuwa wameanza kupiga makofi kwa pamoja, polepole, kama mvua inayopima paa kabla ya kuanza.

"Umetoa?" Derrick aliuliza.

"Salamu kwanza."

"Poa, mathe. Umetoa?"

Kageha alichukua kiondo kutoka kwa Maurice, akautoa mkanda, akaulaza juu ya meza fupi, vitambaa juu. Akavuta kiti kingine cha mtoto akaketi, ana kwa ana na yule mtu mkubwa.

"Nionyeshe nianzie wapi. Hii bluu imekaliwa na manjano. Siwezi kuitoa mpaka nimtoe Lavender. Lavender akitoka, wewe ulimpiga nani?"

Derrick alilitazama joho lake sakafuni.

"Si nauliza. Ulimpiga nani?"

"Basi atoke pia," Derrick alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuwa nimeshika tangu Nyundo. Moja kwa moja."

Dirishani Jeconia aligeuka. Inaonekana hilo hakuwa ameambiwa. Kageha alimwona akipiga hesabu yake, taratibu, na uso wake ukibadilika. Hakutakiwa kutoa kitambaa kimoja. Alitakiwa kutoa miaka yote ya Kibera, aibakize ovaroli ya Phanuel na joho jekundu, na kati yao hakuna mtu.

"Derrick," Kageha alisema, na sasa hakuwa na ukali. "Siku ile uliona nini?"

"Niliteleza."

"Ulikuwa umelala chali. Unatelezaje ukiwa chali?"

Yule mtu alicheka kidogo, kisha akaacha. Alisema watu wa Kawangware wanamuuliza mpaka leo. Akipanda jukwaa la mjengo na ndoo begani, kuna mtu chini atapiga moja, mbili, tatu kwenye ubao. Kinyozi akimlaza kichwa nyuma anamwambia, Simiti, usinilalie hapa. Mtoto wake ametoka shuleni akimuuliza kama ni kweli baba hupigwa akisinzia. Kupigwa na Lavender angeweza kuvumilia, Lavender anajua kupigana. Lakini kupigwa na Unyoya. Na hata si Unyoya, kupigwa na ndege.

"Walikuwa wengi namna gani?" Kageha aliuliza.

Derrick alitazama dari ya darasa, mabati yenye matundu madogo ya misumari, na kila tundu lilikuwa na nyota yake ya mchana. Alipoanza kusema alisema kana kwamba anayahesabu yale matundu.

"Waliinuka wote mara moja. Sijui nani aliwaambia. Nikasikia moja, nikasema bado. Nikasikia mbili. Nikasema ngoja, ngoja waishe kupita. Mathe, nimeulalia huu mkanda miaka. Nyundo ameota, Lavender ameota, kila mtu anakuja kwako na ndoto yake. Mimi hakuna. Nalala kama jiwe. Sijawahi kuona hilo bwawa lenu likiwa safi hata siku moja. Ila siku ile. Na nilikuwa macho."

Makofi ya nje yaliendelea, na vumbi jembamba lilikuwa linazunguka ndani ya mwanga wa mlangoni, mahali aliposimama Maurice. Kageha alikuwa amemsahau.

"Mimi sikuwaona," Maurice alisema. "Nilikuwa nimeangalia chini. Niliona uso wako tu."

Derrick alimgeukia.

"Ulikuwa umefungua macho hivi. Nikasema huyu ameitwa na mtu. Sikutaka kukusumbua." Maurice alifuta mikono yake kwenye shati lake zuri. "Halafu usiku nikawaota. Sikumwambia sister, angesema nimekula vibaya. Nilikuwa naanguka, na wao walikuwa chini yangu, weupe, wanapita kati yangu na maji. Ndiyo maana sikufika."

Kageha alitazama mkanda. Nyekundu ya Derrick ilikuwa imekaliwa na bluu ya Maurice, ukingo juu ya ukingo, kwa mshono wake mwenyewe. Maurice alikuwa ameilalia ile nyekundu ikiwa bado mbichi ya jasho. Kwa mara ya kwanza Kageha alijiuliza kama vitambaa vile vilikuwa vikipitishiana kitu wakati yeye anawaambia watu wanywe maziwa. Aliona bwawa, bila kufumba macho, limejaa mpaka ukingoni, na wote wamo, Phanuel chini na mabati yake, Lavender juu ya majani, ndugu yake akishuka bila haraka, na wale ndege, ambao Derrick aliwaona na Maurice akawaota, wakipita na kupita. Mtu mmoja tu hakuwamo. Alikuwa ameketi mbele yake kwenye kiti cha mtoto, ameona mlango ukifunguliwa mara moja, kisha akashinda maisha yake akitaka watu waseme hakuna mlango.

Hata yeye alionekana kulijua hilo. Alikuwa amenyoosha kidole akakiweka karibu na ile bluu, hakuigusa. Lakini nje mtu alipaza sauti akiita Simiti, wengine wakaitikia, na Kageha akaona mabega yakirudi juu na shingo ikikaza.

"Hata hivyo," Derrick alisema. "Kitoke. Wameshaanza kuita. Kisipotoka nainua bega, na huyo dada wenu wa chapati atarudi kwao hivyo hivyo. Siwezi kulala chini ya mwanamke leo na bado nibaki na Unyoya mgongoni."

Jeconia alimtazama Kageha. Hakuomba tena. Alisema tu, polepole, kwamba mama aamue, yeye amechoka.

Kageha aliamua. Hakukuwa na cha kungojea. Alitia mkono ndani ya kiondo, akatoa mkasi, akainama kama anayeokota kitu, na kabla Derrick hajajua ni nini kinachogusa goti lake, alikuwa amekata kipande cha upindo wa joho, kipana kama kiganja, mkato mmoja safi kwenye mshono alioushona yeye mwenyewe. Nguo kuukuu haikupiga hata kelele.

"Mathe, unafanya nini?"

"Kazi yangu."

"Pambano bado."

"Najua." Alikuwa amekwisha kutia uzi. Alikilaza kile kipande chekundu juu ya ukingo wa manjano ya Lavender, mahali pake, mahali pa anayefuata, akaikandamiza sindano kwa kidole gumba mpaka ngozi ikakubali. "Keti. Ukinitikisia meza nitajichoma, na nikijichoma nitakasirika."

Derrick hakutikisa meza. Alikuwa na uzito wa kuvunja ukuta ule wenye picha ya tembo, lakini huyu alikuwa mwanamke aliyempima kiuno na mabega tangu alipoanza, na ambaye mkono wake ulikwenda haraka kuliko hoja. Alimgeukia Jeconia, akamuuliza kama hili ni jambo la haki, mtu kukatwa nguo kabla hajashindwa.

Jeconia aliushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Ilionekana wazi kwamba anakumbuka siku ile ya Silanga, na mkanda juu ya kichwa chake, na maneno yaliyotoka kinywani mwake mbele ya watu wote.

"Kitambaa kikishaingia," alisema, "kimeingia."

"Umesikia," Kageha alisema bila kuinua kichwa. "Mkanda umeshahama, ni wa Audrey. Ukitaka kuinua bega, inua. Utainua kama mtu asiye na mkanda, na Kawangware nzima itauliza ulikuwa unang'ang'ania nini. Ukitaka, lala. Uwanja wenu hauna paa. Lala utazame juu vizuri, mara hii hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Sindano ilizama, ikatoka, ikazama. Nyekundu ya pili ya Derrick ilikaa, mbichi, inang'aa, karibu na manjano. Chini ya manjano bluu. Chini ya bluu nyekundu yake ya zamani iliyokuwa imegeuka rangi ya udongo. Kwa hiyo sasa alikuwa pande zote mbili za Maurice. Derrick aliona hivyo pia. Alikaa na mikono juu ya magoti, na uso wake ulikuwa umelegea kidogo, kama wa mtu anayesikia kitu kinakuja kutoka mbali na hajajua kama ni mvua au ni watu.

"Usiku huu anaulalia Audrey," alisema baadaye. "Ataota nini?"

"Atakuja kuniambia. Na wewe uje, ukitaka. Kibanda ni pale pale."

Alipiga fundo, akapiga jingine juu yake, akainamisha kichwa na kuukata uzi kwa meno. Nje kengele, ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ilipigwa kwa chuma. Kageha aliuinua mkanda. Hakuugeuza. Aliuacha vitambaa vikiwa nje na bamba la Phanuel likiwa ndani, akamfunga nao ndugu yake kiunoni, juu ya lile shati zuri, akakaza bizimu mpaka tundu la mwisho kwa kuwa Maurice alikuwa mwembamba bado.

"Upeleke ulingoni," alisema. "Tembea polepole, waone."

Maurice aliweka vidole viwili juu ya ile bluu, hakujificha, akatoka kwenye mwanga.